Grili ya Leicester, Broila ya Ohio

Mkate wa ufuta ulikaribia kuvunja undugu wetu, tena ndani ya Ramadhani. Chanzo kilikuwa ujumbe wa sauti alioutuma dada yetu mkubwa kutoka Leicester kwenda kwa mdogo wetu aliyeko Columbus, Ohio. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili, umetamkwa vizuri, na kila aliyeusikiliza aliuelewa. Shida ni kwamba kila mmoja aliuelewa kwa jiko lake.

Dada yuko Uingereza miaka mingi. Mdogo wetu yuko Marekani. Mama mdogo aliolewa Maskati zamani, na mimi nimebaki Kikwajuni na mama. Shuleni tulifunzwa Kiingereza cha kuandikia barua kwa mkuu wa shule, lakini hakuna mwalimu aliyetufunza sehemu za jiko. Hizo kila mtu kazifunzwa na nchi aliyohamia, na kila mtu kazirudisha kwenye Kiswahili chake bila kutuaga.

Asiyeujua mkate wenyewe aelezwe, maana kesi yote imo humo. Ni unga wa ngano, tui zito, hamira, yai na chumvi. Haukandwi ukawa donge. Unapigwa kwa mkono mpaka uvutike na kunata vidoleni. Ukishaumuka unachota bonge, unalitandaza kwenye chuma kwa mkono uliochovywa maji ya chumvi, unamwagia ufuta. Chuma kinakaa juu ya seredani mpaka mkate ushike chini na kugandia. Halafu ndipo penye kazi: unakipindua. Uso wa mkate unatazama makaa, wewe umeshika mpini, unazungusha taratibu mpaka ufuta upate rangi na tui lianze kunukia mpaka kwa jirani. Mkate hauanguki kwa sababu umegandia. Unaubandua, unaupaka samli, unaufunika kawa.

Leicester hakuna seredani, na ukijaribu kuwasha mkaa ndani utaitiwa zimamoto. Dada akatafuta njia. Kwa Waingereza jiko zima, la gesi au la umeme, ni kuka. Juu penye kubandikwa sufuria panaitwa hobu. Grili ni moto unaoshuka kutoka darini humo humo ndani ya jiko. Ndiko wanakochomea tosti yenye jibini. Kwa hiyo dada anaivisha chini kwenye hobu, halafu anasukuma chuma chini ya grili, na moto unaufuata mkate kutoka juu. Hakuna kupindua. Tangu agundue hilo amekuwa mwalimu wa mkate wa ufuta kwa Wazanzibari wote wa mtaa wake, na sifa hizo hazikumharibu hata kidogo, ila kidogo.

Ujumbe wake ulisema: “Mdogo wangu, ukiona chini kumeshika, kitoe kwenye hobu ukitie kwenye grili. Moto uwe mkali, na usibanduke hapo.”

Hobu mdogo wetu hakuijua, akaipita tu. Grili alikuwa nayo. Ilikuwa nje, kwenye kiuwanja cha nyuma, chombo cha mviringo chenye mfuniko na miguu mitatu, mumewe alikinunua kwa ajili ya nyama za sikukuu ya Julai 4. Marekani ukisema grili, watu wanatoka nje.

Ilikuwa Machi na theluji bado haijaondoka Ohio. Kwao saa kumi na moja jioni, huku saa sita usiku, mama kesharudi tarawehe na yuko macho anangoja daku. Simu ya video ikaita. Mtoto kavaa koti, glavu na kofia ya sufi, mkononi kashika kikaango.

“We mtoto, unapika mkate au unapanda Kilimanjaro?”

“Dada kasema grili, mama.”

Mama hakuona ajabu yoyote. Aliona makaa, akafurahi. “Alhamdulillahi, kumbe na nyinyi huko mna mkaa.” Kikaango kikawekwa juu ya wavu, mkate uso juu, tukangoja. Chini kukaanza kunuka kuungua, juu bado kumepauka, ufuta mweupe vile vile. Mama akashindwa kuvumilia. “Kipindue! Uso uangalie moto!”

Na kwa kweli mama alikuwa sahihi. Grili ya Kimarekani ni seredani yenye mfuniko, na kwenye seredani mkate hupinduliwa. Bahati mbaya kile kilikuwa kikaango cha kisasa, kile kilichopakwa dawa ili chakula kisigande, na mkate wa ufuta unaishi kwa kuganda. Mdogo wetu akapindua. Mkate ukabanduka mzima, kwa adabu zote, ukalala juu ya makaa. Simu ikatuonyesha moshi, kisha mbingu, kisha moshi tena.

Asubuhi yake grupu la familia halikukalika. “Nani kakwambia utoke nje?” “Dada, wewe umesema grili!” “Grili iko ndani ya kuka!” “Sina kuka mimi, nina stovu!” Stovu! Mimi kwangu stovu ni lile jiko la utambi na mafuta ya taa, kama wanavyoliita ndugu zetu wa Kenya. Nikaingiwa na huruma kwamba mtoto wa watu kafika Marekani bado anapuliza utambi. Kumbe Marekani stovu ndilo jiko zima, na wauza vyombo wao huliita renji. Huyo dada wa Leicester ukimwambia stovu, yeye anafikiria pipa la chuma la kuchomea kuni ili kuota moto sebuleni.

Shemeji wa Columbus akaleta amani kwa dakika chache. Akaeleza kwamba kile dada anachokiita grili, kwao kinaitwa broila. Dada akadai hicho ni Kiingereza cha kubuni. Hapo shemeji, ambaye kasoma, akampa historia: Geoffrey Chaucer wa karne ya 14 alipomsimulia mpishi wake alimsifu kwa kujua kuchoma kwa namna hiyo na kwa neno hilo hilo, na ni Waingereza waliolisahau njiani, Wamarekani wakaendelea nalo. Dada alijibu kwa alama ya kidole gumba, ambayo kwetu ni tusi la kistaarabu.

Angeishia hapo shemeji angetoka na heshima yake. Lakini aliwahi kupanga Chicago kwenye nyumba ya zamani yenye jiko la gesi, na katika majiko mengi ya namna hiyo broila ni droo ya chini kabisa, kwa kuwa moto wa oveni uko sakafuni na droo iko chini yake. Akaapa kwamba broila ni droo. Jiko lao la Columbus ni la umeme. Waya wa broila uko kwenye dari ya oveni, na droo ya chini ni ya kuhifadhia trei. Wakautia mkate kwenye droo, katikati ya trei, wakafunga, wakakaa. Adhana ya kwenye simu ikaadhini, wakafuturu tende na uji. Mkate ukatoka ulivyoingia.

Neno hobu halikumdhuru mtu hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyejidai analijua. Yaliyotuumiza ni yale ambayo kila mtu alikuwa nayo tayari nyumbani kwake.

Maana zamu yetu ilifuata. Ami yetu anayeleta makontena ya vitu vilivyotumika kutoka Uingereza alimzawadia mama jiko: kuka ya gesi ya kizamani, plate nne, oveni chini, na juu kabisa, usawa wa uso wa mtu, kitu mfano wa rafu ya bati iliyo wazi mbele. Mama akapapenda pale juu, akapanga makopo yake ya iliki, mdalasini na pilipili manga.

Siku ya kuliwasha tulikaribia kukosa nyusi. Gesi ya majumbani Uingereza huja kwa bomba na ni methani. Yetu ya mtungi ni propani na butani, na kwa ujazo ule ule ina joto kubwa zaidi. Vitundu vya jiko lao ni vipana mno kwa gesi yetu. Moto ulitoka wa njano, mrefu, unalamba sufuria mpaka mikononi, na baada ya muda mfupi sufuria nyeupe ya mama ilikuwa nyeusi tititi kwa masizi. Fundi alikuja, akacheka kwanza, halafu akabadilisha nozeli zote kwa ndogo. Moto ukakaa chini, wa buluu.

Mdogo wetu, ambaye sasa keshaigundua broila yake na anajiona mhandisi, akajitolea kumwongoza mama kwa simu. “Mama, washa oveni 350. Halafu mwisho kabisa, broila, dakika mbili tatu tu.”

Kitufe cha oveni ya mama kina namba 1 hadi 9, basi. Hivyo ndivyo Waingereza walivyozoea kupima moto wa oveni za gesi. Mama alikitazama, akapiga hesabu: mia tatu na hamsini ni tatu na nusu. Akakiweka katikati ya 3 na 4. Baadaye dada alituambia kwamba 350 ya Marekani ni vipimo vya Farenhaiti, karibu sawa na 180 za Selsiasi, na kwenye jiko la mama hiyo ni namba 4. Kwa hesabu isiyokuwa na mguu wala kichwa, mama alikosea nusu namba.

Broila ndiyo iliyotugharimu. “Broila za nini kwenye mkate wa ufuta?” mama aliniuliza baada ya kukata simu. Halafu akajijibu kwamba huko Marekani pengine ndicho kitoweo chake, na mgeni ni sisi. Akamwita mwanangu, akampa fedha, akamtuma Darajani. Mtoto akarudi na kuku wawili wa broila, wamenyonyolewa, kwenye mfuko.

Maskati nako habari zilifika kwamba dada yao kapata kuka. Nyumbani kwa mama mdogo mpishi ni mtu wa Kerala, na kwa Wahindi kuka ni sufuria ya presha, ile wanayohesabia filimbi dengu zikiwa ndani. Akapiga simu kwa hofu ya kweli: “Dada yangu, filimbi tatu, usizidishe, na usifungue mpaka mvuke uishe!” Mama alikaa mbele ya oveni na tasbihi mkononi, anasubiri jiko lipige filimbi. Nilimkuta hapo, mkate umekauka chini na juu bado haujashika rangi.

Dada wa Leicester aliomba aonyeshwe jiko kwa video. Nikalizungushia simu, chini mpaka juu. Akapiga ukelele. “Mama! Hayo makopo! Ondoa makopo! Hiyo rafu ndiyo grili!”

Makopo yakashushwa. Tukawasha, safu ya moto ikatokea juu ya vichwa vya mikate, na ufuta ukaanza kubadilika rangi mbele ya macho yetu. Mama aliuonja, akakiri ni mkate, ila alilalamika kwamba unaiva bila mpishi. Wale kuku tukawakata, tukawapaka ndimu, tangawizi na pilipili, tukawaingiza pale pale. Kuku wa broila, kwenye grili ya Uingereza, ambayo Marekani ni broila. Dada na mdogo wetu walikubaliana siku hiyo tu, na ni kwa sababu wote walikuwa mbali na sahani.

Mama hakuridhika kwamba mwanawe wa Columbus ana makaa halafu hana chuma. Alitoa kimoja katika vyuma vyake vya zamani, vile vizito vilivyoiva weusi kwa miaka, ambavyo humo ndani hakuna ruhusa ya kuvigusa kwa sabuni. Hufutwa kwa kitambaa na kupakwa mafuta. Akampa msafiri. Msafiri alilalamika juu ya kilo zake mpaka uwanja wa ndege, na huko alifunguliwa begi aeleze ni kitu gani. Lakini kilifika. Siku ya pili tulitumiwa picha: grili ya nje, chuma kimepinduliwa, mkate umeganda barabara, uso una rangi.

Jioni ujumbe ukaingia. “Mama, ahsante sana. Kinaingia dishwasha?”

Mama aliniuliza dishwasha ni nini. Nilikuwa nimechoka na vita, nikamwambia ni kabati la vyombo. Na kabla sijamnyang’anya simu, akabonyeza kitufe cha sauti: “Kitie, mwanangu, kitie. Hakina neno.”