Luku ya Kuchangia

Nyumba tunayopanga hapa Arusha ina vyumba vitano na mita moja ya luku. Kila mpangaji anachangia sawa, kwa hiyo kila mpangaji anaamini anawalipia wengine. Mimi ndiye mshika fedha. Cheo hicho hakina posho. Kazi yake ni kugonga milango uniti zikikaribia kuisha, na kuambiwa kwa kirefu kwa nini fulani alipe zaidi maana ana pasi.

Mwezi wa saba uniti zilianza kuyeyuka, na mama mwenye nyumba akatangaza kubana matumizi. Akaanza na taa, kama waanzavyo wote, maana taa inaonekana. Balbu za zamani za wati 60 zikang'olewa, zikaja za LED za wati 9. Hapo alifanya la maana. Shida ni kwamba alinogewa: ikifika saa tatu usiku anapita akizima hata hizo mpya. Balbu ya wati 9 inawaka zaidi ya saa 100 ndipo imalize uniti moja, lakini hilo kamwambie wewe mtu ambaye kidole kishafika kwenye swichi.

Sasa, uani kuna bomba linalovuja. Tone moja kila sekunde, usiku na mchana, kwa siku linakaribia kujaza ndoo ya lita 20. Mpira wa kulikomesha haufiki bei ya soda, ila kuununua kunahitaji kikao. Kukinga ndoo hakuhitaji. Usiku mmoja fundi simu wa chumba cha mbele akaelekea chooni gizani, akaivaa ndoo mzima mzima. Maji yakapita chini ya mlango wa Mwalimu, mstaafu wetu wa hesabu, yakaloanisha gunia lake la mkaa. Ndoo nzima ya maji na mkaa wa wiki, tukilinda wati 9.

Lawama zikahamia kwa dada wa chumba cha mwisho, aliyenunua jiko la presha la umeme. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034; nyumba yetu ilikuwa imefikia asilimia 20, yaani yeye peke yake. Mwalimu alisoma kibandiko cha jiko, akapiga hesabu kwa sauti: wati 1,000, makande saa nzima, hiyo ni uniti moja kamili, na anayelipa ni nani?

Dada hakubishana. Alituomba tuzime kila kitu, akasoma mita, akaweka makande aliyoyaloweka tangu jana. Presha ilipopanda jiko likajikata lenyewe, likawa linawaka kidogo na kuzima, joto likiwa limefungiwa ndani. Makande yalipoiva, mita ilikuwa imeshuka kwa 0.4 tu. Mwalimu akaomba kuonja, kwa ajili ya uhakiki.

Kama si jiko, ni nini basi? Mwalimu akaapa kumnasa mwizi. Mita yetu ina kataa kekundu kanakopepesa mara 1,000 kwa kila uniti. Alfajiri akasimama mbele yake na koti na saa ya mkononi, akihesabu. Mimi nilikuwa napita nimejifunga taulo, ndoo ya maji baridi mkononi, kwa hiyo sihusiki.

“Mapigo 75 kwa dakika!” akanong'ona. “Hizo ni wati 4,500. Hita za ndoo. Tatu!”

Hita ya wati 1,500 ikikaa dakika 40 imekula uniti nzima, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyewahi kukiri kuwa nayo. Mwalimu akawaza kidogo, akasema amesahau kitu chumbani, akaingia. Nikaendelea kuhesabu kwa niaba yake. Mapigo yakashuka hadi 50.

Kikao kikaitishwa jioni. Mama mwenye nyumba akapiga marufuku hita zote, kwa ukali ambao ulinifanya nitazame dirisha lake, lililokuwa na ukungu wa mvuke. Fundi simu akapendekeza madumu meusi yapandishwe juu ya bati yapashwe na jua. Wazo zuri, ila Arusha mwezi wa saba jua ni kama mgeni rasmi: linatangazwa, haliji. Mwalimu naye akasimama, akakohoa, akasema kwa kuwa imethibitika kisayansi kwamba jiko la dada halili umeme, basi maji ya kuoga yachemshwe humo, kwa zamu.

Kimya kikapita. Dada akauliza ni nani hasa atakayekubali kuoga maji yenye harufu ya kitunguu.

Mikono mitatu ikanyooshwa.