Jinsi ya Kukusanya Vitabu vya Tabora Jazz Ukiwa Isevya

Kwanza chagua bendi. Hapa Isevya, mtaa wa Tabora mjini, kusema kweli huchagui, unarithi. Kama baba yako alikuwa Tabora Jazz, na wewe ni Tabora Jazz. Kama mjomba alikuwa Nyanyembe Jazz, basi msibani kaa naye mbali mpaka chai iishe. Wapo pia wazee wa Kiko Kids, bendi ya Salum Zahoro, ambao huwatazama mashabiki wa bendi zote mbili kama watoto walioshuka kwenye treni jana. Hao usibishane nao, waamkie tu.

Ukishajijua uko upande gani, nenda kijiweni penye kahawa utangaze kwamba umeanza kukusanya vitabu vya bendi yako. Watakuuliza: vitabu gani? Mwongozo huu umeandikwa ili ulikwepe swali hilo kwa heshima.

Wenzetu wa ng'ambo hawana shida hii. Shabiki wa Beatles anaweza kununua juzuu ya kwanza ya Mark Lewisohn, iliyotoka 2013, kurasa zaidi ya 900, na akifika mwisho bado ni Desemba 1962 na vijana wenyewe ndio kwanza wanaanza kusikika. Juzuu mbili zimebaki. Shabiki wa Queen ndiye anayedeka zaidi. Mwimbaji wao Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1946, ameandikwa na Jim Hutton aliyeishi naye, akaandikwa na Peter Freestone aliyekuwa msaidizi wake, akaandikwa tena na Peter Hince aliyeshughulikia vyombo vya jukwaani. Mpiga gitaa wao, Brian May, mwaka 2017 alitoa kitabu cha picha kinachouzwa pamoja na miwani yake ya kutazamia. Kwa hesabu hiyo Tabora Jazz wangekuwa na kitabu cha mbeba magitaa, cha mama ntilie aliyewalisha, na cha yule aliyewakopesha nauli ya kwenda Kigoma, ambacho kingekuwa kinene kuliko vyote kwa sababu ya madai.

Usije ukasema tumekosa kwa kuwa mji wetu ni wa mbali. Mji huu umeandikwa mpaka basi. Msafiri Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya enzi hizo, Novemba 1857, akapumzika wiki chache, na 1860 akatoa juzuu mbili. Stanley alipita 1871, akajitia kwenye vita na mtemi Mirambo, akatoka mbio, na mwaka uliofuata kitabu kikawa dukani. Livingstone alikaa Kwihara, jirani tu na mji, miezi kadhaa akingoja wapagazi. Daftari zake zikachapwa, na tembe alimokaa likawa makumbusho. Tippu Tip naye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili chake, yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wote hao walikuwa na safari. Kumbe ukitaka kuandikwa Tabora, sharti upite. Wanamuziki wetu walikosea hapo tu: walikaa, wakapiga gitaa kila wikiendi, watu wakacheza na kwenda kulala. Mzungu wa kuugua homa chini ya mwembe alikuwa wapi siku hizo?

Sasa tuingie kazini. Kitabu cha bendi yako hakifunguliwi mbele, kinafunguliwa nyuma, kwenye faharasa. Weka kidole kwenye herufi T, teremka taratibu. Ukikuta Tabora, usishangilie bado, huenda ni stesheni au shule aliyosoma Nyerere. Hakikisha mbele yake pana neno Jazz. Halafu tazama kuna kurasa ngapi. Ukiona namba moja, hiyo ni mali. Ukiona mbili, fungasha kabla muuzaji hajagundua alichonacho.

Orodha ya kuanzia si ndefu. Kitabu cha Terence Ranger cha 1975 kuhusu ngoma ya beni kitakupa mababu wa bendi zetu, wale wa Marini na Arinoti waliokuwa wakishindana kwa sare na tarumbeta kabla gitaa halijawafikia. *Mashindano!* kilitoka 2000 kwa Mkuki na Nyota pale Dar, kwa hiyo angalau nauli yake ni ya basi. Kelly Askew, 2002, ameandika vizuri mno, ila moyo wake uko Tanga. Alex Perullo, 2011, moyo wake uko Dar es Salaam, na hafichi, ameuweka kwenye jina la kitabu. Frank Gunderson, 2018, ameandika kitabu kizima cha Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka, na hicho kisome hata kama unaumia, maana kinaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Ila Gunderson huyohuyo mwaka 2010 alishatoa kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Msukuma ni ndugu yetu, lakini undugu una mipaka.

Ukikwama kabisa, hesabu Western Jazz. Ilianzishwa Dar mwaka 1959 na watu wa Jimbo la Magharibi, jimbo letu la enzi hizo, na mtindo wake wa saboso una harufu ya nyumbani. Kila ukurasa unaoitaja Western Jazz uandike kuwa nusu ukurasa wako. Mzee wa Kiko Kids akisikia atakataa, kwa hiyo asisikie.

Bei ni suala la familia. Vitabu vya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani huuzwa kwa dola, na kimoja ukikigeuza shilingi unapata mbuzi anayetembea. Mama watoto atauliza umenunua nini. Usijibu kwamba ni kurasa 400 ambazo bendi yako imetajwa kwenye moja. Sema ni kitabu cha Kiingereza cha kumsaidia mtoto masomoni. Kisha kiweke kwenye sanduku la bati, miguu yake juu ya matofali, maana mchwa wa Tabora husoma kila kitu na hawaruki kurasa. Waazimaji ni hatari zaidi: mchwa huacha jalada.

Usidharau maandishi madogo. Santuri ya zamani ya Tabora Jazz ina karatasi ya duara katikati, nayo ni chapisho: jina la wimbo, la bendi, pengine la mtunzi. Ukiipata yenye *Dada Asha*, wimbo wa Shem Karenga, isome mbele ya wageni kwa sauti, uipindue, usome upande wa pili. Umesoma juzuu mbili. Karenga mwenyewe alifariki 2014, na kama ulikuwa na swali la kumuuliza, hapo ndipo rafu yako ilipopungua kitabu kizima kwa siku moja.

Kwa hiyo wazee waliobaki ndio vitabu adimu, na wanahitaji utunzaji wa pekee. Usimwendee mzee na daftari mkononi, atadhani ni mambo ya kiwanja. Nenda na sukari. Mtaje mpiga solo uliyesikia alikuwa bora, mtaje kimakosa, kisha tulia. Hasira ya kukusahihisha itakutolea sura tatu bila kupumua. Rekodi kwa simu, umwambie unarekodi, na andika tarehe ungali barazani, maana ukifika kwako utakuta umeme umekatika.

Siku moja atakuja mtafiti kutoka nje, mpole, ana kofia pana. Ataelekezwa kwako, kwa sababu wewe ndiye mwenye vitabu. Utamsimulia kutwa, utamtolea santuri, atakula wali na karanga, atashukuru sana. Miaka mitano baadaye utakuwa tanbihi namba 43 ndani ya kitabu cha dola, kwa jina "mkazi mmoja wa Isevya", na itabidi uuze mbuzi ili usome ulichosema. Mdai nakala kabla hajapanda basi, kwa maandishi, na anuani ya posta.