Sifa za Bwana Povu

Kati ya njia zote za kupanga jedwali kwa kompyuta, hakuna inayosemwa vibaya kama upangaji wa povu. Mwaka 2007 Barack Obama, akiwania urais wa Marekani, alitembelea Google akaulizwa namba milioni moja zipangweje; akajibu kwamba ya povu si njia ya kufuata. Mtoto wa Mjaluo, kumkana mnyonge mbele ya watu! Basi sisi wa Maniema tumtetee.

Tuchukue zoni za afya za kusini mwa mkoa, alfabeti ikiwa kichwa chini: Saramabila, Samba, Lusangi, Kunda, Kasongo, Kabambare. Bwana Povu hana makuu. Hutazama majirani wawili. Wakikosea nafasi huwabadilisha, kisha husogea kwa wanaofuata. Saramabila husukumwa mpaka mkiani kwa raundi moja. Kabambare hupanda ngazi moja kila raundi, akafika juu raundi ya tano. Majina sita, mabadilishano 15! Aliyepanda pikipiki kutoka Kabambare hadi Kasongo masika atakubali kwamba kompyuta nayo imeionja barabara yetu.

Ukarimu wake huzidi jedwali likikua. Mpe watoto 20,000 waliochanjwa, awapange kwa majina: anaweza kulinganisha mara milioni 200, kasoro elfu kumi tu. Lugha ya kompyuta ya Python ina njia iliyobuniwa na Tim Peters mwaka 2002, inayotafuta vipande vilivyokwisha kupangika na kuviunganisha. Unaandika sorted, unataja safu ya kufuata, na ulinganishaji haufiki hata laki tatu. Ubahili ulioje!

Wala msimwite mvivu. Akifundishwa kusimama pasipo cha kubadilisha, jedwali lililokwisha pangwa hulipitia mara moja tu akatulia. Hodari kweli, mradi kazi imeshafanywa na mwingine.

Lakini fadhila yake kuu ni kwa karani. Mkuu akidai ripoti, sorted humwacha mtu bila pa kujificha. Mfuasi wa Povu hujibu kwa heshima, bila uongo: “Shefu, mashini ingali inapanga.” Ananywa chai, anasalimia wapitao, jenereta inanguruma uani. Na mafuta yakiisha majina yakiwa bado yanapishana, lawama ni ya muuza mafuta.