Chupa ya Mjerumani: Mwongozo kwa Anayesubiri Pantoni Kamanga

Ukifika Kamanga, mjini Mwanza, ukakuta pantoni ndiyo kwanza imeondoka kuelekea upande wa Sengerema, usinung'unike. Kaa kivulini. Muda si mrefu atakufuata mtu mwenye mfuko wa salfeti, ataangaza kushoto na kulia kama anauza almasi ya Mwadui, kisha atakutolea chupa tupu ya pombe. "Bosi, hii ya Mjerumani. Imetoka ziwani." Mwongozo huu ni wako, hasa kama mkono umeshaingia mfukoni.

Kwanza, mwache asimulie. Hadithi ni sehemu ya bei. Babu akiwa mpishi wa bwana mkubwa, ongeza elfu tano. Jahazi likizama na kreti zima, ongeza kumi. Wewe itikia tu, huku ukikumbuka tarehe moja: Waingereza waliitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani Julai 1916. Akibadilisha Mjerumani kuwa Mwingereza na kusema babu alijinunulia wiski iliyokuwamo dukani miaka ya 1930, kumbuka pia kwamba enzi hizo sheria ya mkoloni ilimkataza Mwafrika pombe kali ya Kizungu. Labda babu alikuwa jasiri. Labda mjukuu ndiye jasiri.

Pili, tumia ukucha. Kalibu ya chupa ina vipande, na vinapokutana huacha mshono ubavuni. Anzia begani, pandisha ukucha taratibu shingoni. Chupa ya zamani iliyopulizwa kwa pumzi ya fundi ilimaliziwa mdomo kwa mkono, hivyo mshono hufifia kabla ya kufika juu. Mshono ukipanda mpaka ukingoni, hiyo ni kazi ya mashine, na mashine ya Michael Owens, iliyoanzisha mambo hayo kule Marekani, ni ya mwaka 1903. Ukikuta na hesi za mfuniko wa kusokota zenye alama ya pete iliyokatika, rudisha chupa, mpe pole ya jua.

Tatu, pindua kitako. Hapa ndipo nilipoliwa mimi. Niliona "14" imechomoza kwenye kioo, nikajua 1914, vita imeanza, Mjerumani anajiliwaza. Kumbe ni namba ya kalibu tu, ya kumjulisha fundi kalibu ipi imeharibika. Kuzunguka namba hiyo kulikuwa na vinundu vidogo kama vipele vya joto. Vinundu hivyo vilianza kuenea viwandani miaka ya 1940. Mjerumani wangu alikuwa amechelewa sana.

Nne, usiabudu matope. Matope yanathibitisha kwamba chupa ilikuwa kwenye matope. Mawimbi na mchanga wa ziwa huweza kukwaruza kioo kikaonekana kikongwe kuliko mwuzaji, na mwuzaji mwenye subira anaweza kuizika nzima nzima akairudia baada ya masika.

Tano, soma lebo kama unavyosoma mkataba. Neno "Tanganyika" peke yake lina uzito, maana jina Tanzania ni la mwaka 1964. Alama ya TBS haiwezi kutangulia 1975, mwaka shirika hilo la viwango lilipoanzishwa. Stempu ya kodi ya kielektroniki ni ya 2019 kuja huku. Msimbo wa mistari unaoanza na 620 ni wa Tanzania, na Mjerumani hakuwa nao. Ukiuziwa "Konyagi ya siku ya uhuru", cheka kwa heshima: uhuru ni 1961, Konyagi ilianza 1970.

Sita, jiulize kwa nini chupa kuukuu ni adimu. Huku kwetu chupa haistaafu. Mzinga ukiisha pombe huingia mafuta ya alizeti, bapa hutiwa samli au dawa ya kikohozi, nyingine hubeba mafuta ya taa mpaka ivunjike. Ndiyo maana ya zamani kweli haipatikani ufukweni ikisubiri mgeni; iko kabatini kwa bibi, ina asali, na bibi haiuzi.

Kama kukusanya ni lazima, tafuta kiroba, kile kifuko kidogo cha pombe kali. Kilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na vile vifuko vya plastiki tulivyovikanyaga stendi zote hakuna aliyefikiria kuvitunza. Hicho kina tarehe isiyobishaniwa.

Ya kwangu yenye "14" sasa ina mafuta ya taa. Bei halali ya chupa tupu Kamanga ni ile anayotoa mama muuza mafuta ya kupimia. Zaidi ya hapo, jua unanunua babu wa mtu.