Futi Kamba ya Bwana Afya

Mtu akikwambia kijijini unajenga upendavyo, muulize kijiji gani. Mimi hapa Gulwe nataka vitu vitatu tu: nyumba ya vyumba viwili, choo, na banda la mbuzi. Wenzangu mjini wanapandisha ghorofa wakiwa wamelala. Mimi kwa hivyo vitatu nimelazimika kuzijua sheria kuliko mawakili wa Mpwapwa.

Upande mmoja wa kiwanja kuna reli. Ile ya zamani aliijenga Mjerumani kabla ya vita ya 1914, na hifadhi yake huku vijijini ni mita 30. Sawa, nikarudi nyuma. Halafu ikaja SGR, ya umeme, ambayo tangu Julai 2024 inapeleka abiria hadi Dodoma. Nayo ina uzio wake na eneo lake. Nikarudi nyuma tena, mgongo ukagusa barabara ya Mpwapwa. Sheria ya Barabara ya 2007 inataka mita 30 kutoka katikati, kila upande, kwa barabara kuu na za mkoa. Ukiingia humo unachorewa X. Nyekundu maana yake jibomolee mwenyewe, ya kijani maana yake subiri fidia. Namfahamu mzee aliyeisubiri ya kijani mpaka rangi ikapauka, akaomba waje wairudishie wasije wakamsahau.

Upande uliobaki ni mto Kinyasungwe, na hapo ndipo akili yangu ilipogoma. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Naikubali kwa moyo mmoja. Lakini ukingo upi? Mwezi wa Agosti Kinyasungwe ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira katikati na golikipa anasimama pale ambapo Januari pana kina cha kumzamisha ng'ombe. Mvua zikianza unashuka na tope la nusu ya mkoa, unamega kingo, unahamia unakotaka. Mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 mafuriko yaliing'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Ile ni reli, iliyopimwa na mainjinia kwa darubini. Mimi nina futi kamba ya kuazima.

Kwa hiyo nyumba naweza kuianza mita 80 kutoka mtoni, na masika mawili baadaye ikawa mita 40 bila tofali hata moja kusogea. Aliyevunja sheria ni mimi au mto? Nilimuuliza ofisa mmoja. Akaandika swali kwenye daftari, akasema atalipeleka ngazi za juu. Nadhani limekwama stesheni ya Kidete pamoja na mabehewa ya mizigo.

Nikamwita bwana afya tuongee choo. Mtu mwema, anakuja na pikipiki na futi kamba ya mita tano. Choo kikae mita 30 kutoka kisimani, akasema, akaanza kupima kwa vipande: anavuta, anaweka jiwe, anahamia kwenye jiwe. Jiwe la nne lilipigwa teke na beberu wangu. Tukarudia. Mara ya pili kamba ilipita juu ya kichuguu, ikapanda na kushuka, nikaona nimepata nusu mita ya bure, nikanyamaza. Tulipomaliza akauliza, "Na kisima cha jirani, mzee?" Choo kikahamia pale nilipokuwa nimepanga banda.

Banda nalo lina mwenyewe, bwana mifugo. Wilaya hii imefuga kitaalamu mpaka kuna aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa, kwa hiyo huwezi kubishana na mtaalamu wa huku. Sakafu iinuliwe juu ya ardhi, fito ziachane kidogo samadi idondoke, na banda likae mbali na nyumba. Mama watoto aliposikia "mbali" akaweka ungo chini. "Fisi akija usiku, utampimia na yeye?"

Ana hoja. Kwenye tembe la babu mifugo ililala uani, nyumba imeizunguka pande zote, na fisi alibaki nje akisikiliza. Tangu Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, tembe limesemwa vibaya na kila aliyepewa kipaza sauti. Moshi wake siutetei, na kunguni wake siwatetei. Ila lile paa la udongo sikuwahi kuona likiruka na upepo. Bati langu la geji 30 linaruka, na lisiporuka, saa saba mchana linatupika humo ndani.

Wapo wanaofikiri vizuri. NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora, walieneza matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo, hayachomwi hata kwa kijiti kimoja cha kuni. Hapa kitongojini bado tunawasha tanuri, na miti tunayokata ndiyo ilikuwa imeshikilia kingo za mto tunaoukimbia.

Kuhusu karatasi, kwa sasa napona. Hii ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, nashughulika na halmashauri ya kijiji na mtendaji wangu. Siku ikitangazwa kuwa eneo la mipango miji, nitatakiwa kibali cha ujenzi na michoro, na sijui mchoraji atamwonyesha mbuzi akiingia mlango wa mbele au wa nyuma.

Basi waheshimiwa mnaotunga sheria ndogo, nawaomba jambo moja. Msije kupima Agosti. Njooni Februari, mto ukiwa umejaa, mvue viatu, mpige vigingi pale maji yalipofika. Nyuma ya hivyo vigingi tutajenga, na hakuna atakayewabishia.