Meza ya Risasi Uani Kwetu

Ukivua kwa mshipi penye mkondo, chubwi ndiyo inayoamua kama chambo kitafika kwenye mwamba alipo changu au kitachukuliwa na maji. Jiwe hunasa na halifungiki vizuri, saruji ni nyepesi. Risasi ina uzito wa mara 11 na zaidi ya maji kwa ujazo uleule, tena inayeyuka kwa nyuzijoto 327 tu, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila kusumbuka. Ndiyo maana si ajabu, ukipita nyumba za wavuvi mwambao huu, kukuta uani sufuria iliyobabuka, upawa mweusi na kalibu.

Kwetu Sahare, Tanga, kazi hiyo ni ya urithi. Mume wangu alifundishwa kusubu chubwi na marehemu baba yake, na anaipenda. Nami napenda kumtazama akiifanya, sitaficha. Kwanza huzifukiza kalibu zake za alumini kwa mshumaa mpaka ndani ziwe nyeusi kwa masizi, ili risasi isishike. Risasi ikishaiva uso wake hung'aa, kisha hujitanda ukoko wa kijivu. Huuengua kwa kijiko, hudondosha kipande cha nta, moshi ukapanda, akakoroga, akaengua tena. Ndipo anamimina kwa mkono usiotetemeka, mkondo mwembamba usiokatika. Kalibu ikifunguliwa chubwi inatoka na kimkia pale ilipomiminiwa, naye hukikata kwa koleo na kukirudisha chunguni. Wavuvi wa mwalo wa Deep Sea huja kununua kwake kwa sababu chubwi zake hazina matundu na kamba haikatiki kwenye jicho.

Lakini kazi hiyo ilifanyika hatua chache kutoka jikoni, kwenye meza iliyokuwa na kila kitu: risasi mbichi, chubwi zilizokwisha, nyavu za kushona, bisibisi, kikombe cha chai. Risasi yenyewe ilitoka popote. Kuna vipande vya kusawazishia tairi kutoka kwa mafundi wa magari, kuna maganda ya nyaya za simu za zamani, kuna chubwi za nyavu zilizooza. Vyote ndani ya ndoo moja.

Mgogoro wa kwanza ulikuwa wa kikaango.

Ilikuwa Ramadhani. Mama mkwe alikuwa amesaga mchele, ametia tui, hiliki na hamira, na unga umeumuka mpaka unataka kumwagika. Akatafuta kikaango chake cha vitumbua, hakioni. Tukapekua jiko zima. Mwishowe nikakikuta mezani uani, kila kishimo kimejaa risasi iliyoganda, viduara vya kijivu vimekaa kwa mpangilio mzuri kabisa.

"Nilitaka vipande vya kuhifadhia, vyenye uzito unaolingana," mume wangu alisema. "Nakiosha sasa hivi kwa mchanga na majivu, mama atakaanga."

"Hakirudi jikoni," nikamwambia.

Mama mkwe akanigeukia. "Mwanangu, chuma hakili uchafu. Kikaango hiki nimepewa na mama yangu. Kikisuguliwa kimetakata."

Nilimheshimu, na nililazimika kumpinga siku aliyofunga, kwa jambo linalohusu chombo cha mama yake. Nilikigeuza juani nikamwonyesha: ndani ya mikwaruzo ya vishimo, ambako mwiko umepita miaka na miaka, palikuwa na chembe zinazometa. Hakuna mchanga unaofika pale. Mafuta ya moto na unga vingefika. Alikaa kimya, kisha akaenda kuchukua rangi nyekundu iliyobaki kwenye mlango, akapaka mpini wa kikaango mwenyewe. Jioni ile tulifuturu chapati za maji, na unga ule wa vitumbua ukapelekwa kwa jirani mwenye kikaango.

Kuanzia siku hiyo rangi nyekundu ikawa alama ya nyumba. Sufuria nyekundu, upawa mwekundu, kijiko chekundu: hakuna anayegusa kwa ajili ya chakula.

Wa pili ulikuwa mlipuko, na huo ndio uliotuvuruga kuliko tulivyojua.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja kusaidia siku moja baada ya mvua. Chungu kilikuwa kimeiva. Akachukua kiganja cha chubwi zilizovuliwa kwenye wavu wa zamani, akazitumbukiza zote pamoja. Zile chubwi zilikuwa na tundu la kupitisha kamba, na matunduni mlikuwa na maji. Maji yakizama chini ya risasi iliyoyeyuka hayapati nafasi ya kuchemka taratibu; hugeuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,000 ya ile ya maji. Uliipata kwa kurusha chungu kizima juu. Nilisikia kishindo, kisha ukelele. Ukuta ulikuwa na madoa ya fedha mpaka juu ya dirisha, kanga iliyoanikwa imetobolewa, na shemeji ameinama ameshika mkono. Mwenyezi Mungu alimlinda macho. Makovu matatu madogo yako juu ya kiganja chake hadi leo.

Kuanzia hapo nyumba nzima ikaogopa kitu kimoja: maji. Mume wangu alinunua miwani ya fundi welda na glovu za ngozi, akaacha kusubu kwa ndala, akapiga marufuku kitu chochote kisichokauka kusogezwa kwenye chungu. Kipande kipya kiliwekwa kwanza kando ya jiko kipate joto kabla ya kuingia. Yote hayo ni sahihi na ningemshauri kila mtu ayafuate. Ila risasi sasa ilihitaji kulala mahali pasipofika mvua, na mahali hapo pakawa ndani ya nyumba.

Aliipanga kwanza kwenye rafu ya stoo, ndani ya makopo ya maziwa ya unga. Mtu asiyezoea risasi hadanganyiki kwa kitu kingine kama anavyodanganyika kwa ukubwa wake. Kopo la lita moja likijaa bila upenyo lina kilo 11 na ushee. Ndoo ya lita 10 ingekuwa na kilo 113, yaani gunia la mahindi na zaidi ndani ya chombo cha kubebea maji ya kuogea. Rafu ilistahimili wiki chache, ikang'oka usiku pamoja na misumari yake. Ndipo risasi ikahamishiwa sehemu ya chini ya kabati la mbao, lenye milango inayofungwa, pakavu kabisa. Rafu ya juu yake ilikuwa ya mama mkwe: mitungi ya achari ya maembe na chupa za siki.

Hakuna aliyeona ubaya. Pakavu, pamefungwa, mbali na moto.

Miezi ikapita. Siku moja nilifungua kabati kuchukua siki nikakuta chubwi zimekuwa nyeupe, zimevaa unga laini unaopeperuka ukipumua. Mume wangu alidhani ni chumvi ya bahari. Haikuwa chumvi. Mvuke wa siki, hata ule mdogo unaopenya kwenye vifuniko, huila risasi, na hewa hukamilisha kazi. Kinachobaki ni unga mweupe wenye sumu. Watu wa zamani Ulaya walitengeneza rangi nyeupe ya kupaka kwa njia hiyohiyo, risasi juu ya siki ndani ya vyungu vilivyofukiwa. Hata mbao zenyewe, hasa za miti fulani kama mwaloni, hutoa mvuke wa namna hiyo zikifungiwa. Tulikuwa tumejenga kiwanda kidogo cha sumu chini ya achari.

Na katikati ya unga ule palikuwa na alama za vidole vidogo.

Kitinda mimba wangu alikuwa na umri wa miaka mitatu. Nilimkuta barazani anacheza duka na wenzake, chubwi ndio samaki wake. Moja ilikuwa shavuni. Nikamwambia ateme, akatema, akacheka. Chumvi za risasi zina utamu, na hiyo ndiyo sifa yao mbaya kuliko zote; mtoto hana sababu ya kuitema.

Hospitalini nilimkuta daktari mwanamke, mtu mtulivu, aliyeniuliza maswali ambayo sikuyatarajia: tunafagiaje uani, nguo za kazi zinafuliwa pamoja na nini, kuku wanadonoa wapi. Damu ikachukuliwa ikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yaliporudi yalikuwa mikrogramu 9 kwa desilita.

"Shirika la Afya Duniani linasema ikifika 5 tutafute chanzo na tukiondoe," aliniambia. "Dawa ya kuitoa mwilini tunaifikiria kwa viwango vya juu sana, 45 na zaidi. Kwa mtoto wako dawa ni nyumba yako, mama."

Akanieleza kwa nini watoto. Risasi ikiingia mwilini hupita njia za kalsiamu, na mwili unaojenga mifupa unaikaribisha. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya anachofyonza mtu mzima kutoka kwenye kiasi kilekile alichomeza. Ikishatua kwenye mfupa hukaa miongo. Huko ndiko inakotoka tena mwanamke akiwa mjamzito. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na mtoto anayeathirika kidogo hana homa wala upele. Anakuwa mzito wa kujifunza tu, na watu wanasema ndivyo alivyozaliwa.

Hilo la mwisho lilinikaa kooni. Usiku nilifikiria Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri, safari fupi tu kutoka kwetu kwa barabara. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo, mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Alipigana mpaka kiwanda kikafungwa, akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Kenya ikawaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Nikafikiria Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, kijiji cha wavuvi kama sisi, ambako watoto 18 walikufa kati ya mwaka 2007 na 2008 kwa udongo uliojaa vumbi la betri. Mama zao hawakuwa wazembe. Walikuwa wanapepeta udongo wauze vipande vya risasi, watoto wakiwa mgongoni.

Mume wangu alisema ataacha kazi. Sikutaka aache. Nilitaka ihame.

Basi tukahama, na mama mkwe ndiye aliyesimamia. Banda lilijengwa mwisho wa kiwanja, upande ambao kaskazi na kusi zote hazileti moshi nyumbani, kwa mabati juu na pande mbili wazi. Sakafu ni saruji laini, kwa sababu udongo hauoshwi. Meza ni ya mbao nene iliyofunikwa bati lililokunjwa kingo, risasi ikimwagika isikimbie, na miguu yake imesimama juu ya matofali. Jiko liko kushoto, kalibu katikati, chombo cha kupozea kulia, kwa mfuatano wa mkono wa mume wangu; hakuna kinachopita juu ya chungu. Maji ya kunywa hayaingii bandani kamwe, si kwa ajili ya mlipuko pekee, bali kwa sababu anayekunywa hapo anakunywa na vumbi.

Risasi inalala chini, haipandi rafu tena. Imegandishwa kwenye kile kikaango chekundu, viduara vyake vimepangwa ndani ya madumu ya plastiki yaliyokatwa na kufunikwa, kila dumu lisizidi uzito ambao mtu mmoja anaweza kuusogeza. Vipande vya tairi vina dumu lao, maana siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Chuma huelea na kuenguliwa. Zinki ikiyeyuka ndani huharibu chungu kizima, risasi ikawa nzito kama uji uliolala na kalibu haijai. Mume wangu huvipima kwa ukucha wa koleo na kwa kuvidondosha sakafuni: risasi inakwaruzika na kutoa mlio mfu, zinki inalia.

Ukoko unaoenguliwa ndio mbaya kuliko risasi yenyewe, kwa kuwa ni unga mtupu. Zamani ulimwagwa chini ya mpapai na kuku wakaupekua. Sasa una kopo lake lenye kifuniko, udongo wa chini ya mpapai umechimbwa ukaondolewa, na kuku wale hatukuwala wala mayai yao. Ufagio umepigwa marufuku bandani. Sakafu inapigwa deki kwa maji na sabuni, siku ambayo jiko halijawashwa. Nguo za kazi zinabaki msumarini kulekule na zina beseni lao. Mume wangu ananawa mpaka kwenye viwiko kabla hajamgusa mtoto, na mtoto amejifunza kumsubiri.

Achari imebaki kabatini peke yake. Kabati lilifutwa kwa kitambaa chenye maji mara nyingi, likapakwa rangi upya ndani.

Vipimo vya pili vilionyesha 6. Daktari alifurahi, mimi bado. Vya tatu vitachukuliwa baada ya masika.

Ugomvi uliopo sasa ni wa shemeji. Alikuja na betri mbili za gari zilizokufa, za bure, akitaka tuzipasue tuchukue sahani zake. Mume wangu alimrudisha nazo getini. Sahani za betri nyingi ni ungaunga wenye asidi, si risasi safi, na ndizo zilizoua Thiaroye. Shemeji amekasirika, anasema tunatupa pesa. Kwa mvuo wa karibu na ufuo, pasipo mkondo, mume wangu ameanza kukata nondo na kuzitoboa ziwe chubwi; chuma kina uzito wa karibu mara nane tu ya maji, kwa hiyo kipande kinakuwa kikubwa na huyumba kidogo, lakini changu wanashika. Kwenye maji ya kina bado anatumia risasi, na mteja akiuliza anamwambia pia jinsi ya kuitunza nyumbani. Wengine wanamsikiliza. Mmoja aliondoka na chubwi zake mfukoni mwa shati, akarudi kesho yake kuomba kopo lenye kifuniko.