Mwombee Mwanao, Usimshtaki: Mwongozo kwa Mzazi wa Macalder

Ukilea mtoto Macalder, huku Migori nchini Kenya, sababu za kupiga magoti huzitafuti. Mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ulifungwa miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo wangali wanashuka mashimoni kila kukicha, na pesa za haraka zinamwita kijana hata kabla hajamaliza shule. Kwa hiyo omba. Ila uombe vizuri.

1. Usimsengenye mtoto kwa Mungu. Kuna maombi ya alfajiri yanayopaazwa makusudi ili yapenye ukuta: “Ee Bwana, unamwona huyu anayelala hadi saa mbili, huyu asiyeteka maji, huyu aliyefuata tabia za ukoo wa babake!” Hayo ni mashtaka yaliyofungwa kwa amina. Mungu hahitaji kupaziwa sauti, na mtoto aliye upande wa pili wa ukuta anajifunza kwamba kutajwa mbele za Mungu ni kuaibishwa. Mtaje kwa wema kwanza. Mshukuru Mungu kwamba juzi alimbeba mdogo wake mgongoni kutoka zahanati. Ya maji yaje baadaye, kwa sauti ya chini.

2. Mtaje mmoja mmoja. Ayubu alikuwa na watoto kumi, na aliamka alfajiri kutoa sadaka kwa hesabu yao wote. Wewe mwenye wanne unasema “wabariki watoto wangu, amina” kisha unavuta blanketi. Kabla ya kuomba, uliza. Rafiki yake anaitwa nani? Somo gani linamtoa jasho? Anaogopa nini njiani akirudi jioni? Usipoyajua hayo, ahirisha maombi kwa dakika ishirini ukaongee naye.

3. Usimwombee mtahiniwa peke yake. Kabla ya mitihani ya kitaifa, shule huwa na siku ya maombi. Kalamu, rula na seti za jometri hupangwa mezani, pasta akaziwekea mikono, wazazi wakalia machozi ya kweli. Ni siku njema, iendelee. Lakini yule mvulana aliyeacha shule hana kalamu ya kuwekwa pale mezani. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kuna watoto wa huku walioingia machimboni, na wengine hawakurudi darasani. Hao hawana siku yao ya maombi. Wape yao, hata ikiwa Jumanne ya kawaida, kisha umtume mwalimu au mzee wa kanisa akazungumze nao.

4. Usimwachie Mungu kazi uliyopewa wewe. Unamwombea mtoto ulinzi usiku, na asubuhi unamkabidhi karai achanganye zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu. Jioni mnaichoma dhahabu jikoni, na mvuke wa zebaki anauvuta yeye na mtoto mchanga aliye mgongoni. Zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na walio wadogo ndio huumia zaidi. Sheria ya Watoto ya 2022 inamkinga mtoto na kazi za hatari. Mwondoe hapo kwanza, ndipo uombe. Vivyo hivyo, ukimwombea bintiyo awe na msimamo, mnunulie sodo. Asilazimike kumwomba mtu mwingine, maana huyo mwingine ana bei yake.

5. Mfuate. Monika, mama yake Mtakatifu Agostino, alimlilia mwanawe kwa miaka mingi, na hakulilia nyumbani tu. Alitoka Afrika Kaskazini akavuka bahari hadi Italia alikokuwa kijana huyo, na mwaka 387 akamshuhudia akibatizwa Milano. Wewe hudaiwi bahari. Mwanao yuko machimboni, mwendo wa bodaboda. Nenda mchana, umpelekee chakula, keti naye kivulini. Usianze na mahubiri, anayajua. Mwulize amelala wapi jana na kifua kinamsumbuaje kwa lile vumbi.

6. Usihesabu miezi. Wako wanaofunga siku tatu, na ya nne wanatangaza kwamba maombi hayajibiwi. Mtoto ana hiari yake, na Mungu haivunji ili kukufurahisha wewe. Endelea kuomba, endelea kumwachia chakula chini ya sufuria, na mlango usiufunge kwa hasira.

7. Mwambie unachomwombea. Hili ndilo jaribio la mwisho. Mtoto akikuuliza, “Mama, unaniombea nini?” mjibu neno kwa neno kama ulivyomwambia Mungu. Ukiona haya kulitamka ombi hilo mbele yake, libadilishe usiku huohuo.